Karatasi Nilizofungia Viazi

Sahani yangu ilirudi tupu, na kwa ajili hiyo kuna mtu mmoja sikusema naye kwa zaidi ya miaka ishirini. Naanza hapo kwa kuwa hapo ndipo penye aibu yangu, na mimi sina desturi ya kuizunguka aibu.

Ni mtu wa Timbwani, Likoni. Nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, mume wangu amezikwa hapa, na viazi karai nauza kwenye kibaraza changu tangu nywele zangu nyeusi. Kwa asiyejua, ni viazi vya kuchemsha vinavyochovywa kwenye unga wenye manjano, vikakaangwa, vikaliwa kwa ukwaju na pilipili. Skuli sikwenda. Nilitiwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nikahitimu, na kwa herufi za Kiarabu nasoma na barua za Kiswahili naandika, tena hati yangu nzuri. Herufi hizi za Kizungu ninazoandikia sasa nilifunzwa uzeeni, katika darasa la watu wazima, na mwalimu aliyekuwa mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Wakati wa kisa cha sahani hiyo sikuijua hata moja. Msomaji ashike hilo, asije akaniuliza mbele.

Mtu niliyemnunia alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mwanamke wa bara, fundi wa cherehani, Mkristo, mcheshi. Mimi si mcheshi. Watu wakishangaa tulivyopatana. Alipohamia nilimpelekea sahani ya viazi, akairudisha imeoshwa ikang'ara, lakini haina kitu. Nikamwambia papo hapo mlangoni:

"Bibi wee, huku kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Hata ndimu moja, tia."

"Na kama sina ndimu, mama?"

"Tia ulicho nacho."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo sahani yangu hairudi bila kitu. Mahindi ya kuchemsha, maharagwe, vitambaa vya kushikia sufuria alivyoshona kwa mabaki ya sare za watoto. Siku moja mambo yalikuwa magumu, nikafunua sahani nikakuta vifungo vitatu vya shati. Ninavyo mpaka leo. Nilimpenda, basi, ingawa sikumwambia, maana maneno hayo kwetu mtu mzima haendi akiyasema.

Miaka sita tulikaa hivyo. Kisha akaondoka bila kuniaga. Sahani yangu niliikuta kibarazani asubuhi, na ndani yake kipande cha karatasi kimekunjwa mara nne, kimelowa mafuta. Takataka. Watu nikawaambia imerudi tupu, kwa sababu niliona haya kusema imerudi na takataka. Siku chache baadaye Likoni ikawaka, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, watu wa bara wakakimbia na magodoro kichwani. Nikajua aliwahi kukimbia, na kwamba alikuwa na habari mapema. Lakini moyo wangu ulishika jambo moja tu: mtu niliyemfunza mimi mwenyewe adabu ya sahani ameniachia uchafu na kwenda zake. Miaka ikapita, mwanamke mmoja akaniambia amemwona Changamwe, ana kibanda cha kushonea. Nikamwuliza, "Amenisalimu?" Akasema hapana. Nikasema, "Basi," na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa nije kwa mjukuu wangu, kwani yeye ndiye aliyelifukua jambo hili, bila kujua.

Anasoma historia chuo kikuu. Likizo hii alikuja na makaratasi chungu nzima, kazi ya kumalizia masomo. Asubuhi moja tumekaa ukumbini, mimi namenya viazi, yeye kazi yake mapajani, akaniuliza kama najua kuwa Waingereza waliwahi kupigana wao kwa wao.

"Wapi?"

"Kwao, nyanya. Zamani, zaidi ya miaka mia tatu. Mfalme na bunge lake."

"Wakigombania nini?"

"Kodi. Dini. Nani mwenye amri."

"Eh. Kumbe ni watu."

"Na mwisho wakamkata mfalme kichwa."

Kisu kilinisimama mkononi. "Mfalme wao wenyewe?"

"Hadharani. Kwa shoka."

"Na hawa ndio waliokuja huku kututia adabu?"

Akacheka, lakini mimi sikucheka. Mume wangu alikuwa kuli bandarini, na aliwahi kutukanwa mbele yangu na bwana mmoja wa Kizungu kwamba sisi hatujui kutawaliwa. Nikamwambia mjukuu aendelee.

Kumbe kazi yake haikuwa ya vita vyenyewe. Ilikuwa ya vijitabu. Kabla ya hapo, alinieleza, kupiga chapa habari za serikali kulikuwa na walinzi wake, mtu hachapi anachotaka. Vita vilipoingia walinzi wakawa hawana nguvu, na kila mwenye mtambo akachapa. Karatasi moja kubwa inachapwa, inakunjwa, inakuwa kurasa nane, na kila wiki kinatoka kijitabu. Mfalme ana vyake, bunge lina vyake. Hiki kikisema tumeshinda, kile kinasema huo ni uongo.

"Na nani alikuwa mkweli?"

"Kila mmoja anaapa ni yeye. Unaona jemadari ameuawa wiki hii, amezikwa, watu wamemlilia. Wiki ijayo jemadari huyohuyo ameuteka mji."

Akanionyesha picha kwenye kompyuta yake. Picha zao zilichongwa kwenye ubao zikapigwa wino, askari wamesimama wima kama misumari. Akasema picha moja ikichongwa wanaitumia mara nyingi. Vita vya kusini, picha hiyo. Vita vya kaskazini, hiyohiyo. Akanionyesha nyingine ya mtoto mchanga asiye na kichwa, uso uko kifuani. Eti amezaliwa hivyo kwa kuwa mama yake alikuwa na dini ya upande mbaya.

"Astaghfirullah! Kuna aliyemwona mtoto huyo?"

"Kijitabu kimesema mkunga ameapa na kasisi ametia sahihi."

"Na watu wakaamini?"

"Nyanya, wewe mwezi uliopita si ulinitumia kwenye simu video ya nyoka mwenye kichwa cha mtu?"

"Nilikutumia unieleze kama ni kweli," nikamwambia, "sikukutumia unicheke." Lakini alinipata, siwezi kukana.

Nikamwuliza walichora picha za nini na watu wana maneno. Akasema wengi hawakujua kusoma, hivyo aliye na macho akiona picha anaelewa kidogo, na yaliyobaki anasomewa na mwenziwe sokoni. Nikamwuliza vijitabu vikiuzwa na nani. Akachangamka, maana hapo ndipo penye kazi yake hasa.

"Wanawake," akasema. "Wengi wao maskini. Wanatembea mitaani na vikapu wakipiga kelele kama wauza samaki. Askari wakija wanavificha chini ya nguo. Wakikamatwa wanatiwa jela, wengine wanachapwa. Na wakiulizwa, wanasema sisi hatujui kilichoandikwa, hatujui kusoma."

"Wanasema kweli?"

"Hapo ndipo pananisumbua. Siwezi kujua."

"Waongo," nikasema. "Mtu haendi akiuza kitu asichokijua."

Nililisema neno hilo kwa mdomo wangu. Mjukuu akafunua ukurasa mwingine, akasema kuna jambo litakalonifurahisha. Vijitabu vile havikukaa. Habari zikipoa, karatasi inakwenda kwa muuza siagi anafungia siagi, na waokaji wanatandika chini ya mikate ya nyama.

"Kama wewe na viazi vyako, nyanya."

Nikasema ndiyo. Nikaendelea kumenya. Nadhani nilimenya kiazi kimoja, labda viwili. Kisha nikahisi baridi inapanda kutoka miguuni, jua la saa nne liko ukumbini, nikaweka kisu chini.

Nieleze nilichokikumbuka.

Karatasi zangu za kufungia viazi siku zote ni magazeti ya zamani, na nina sharti moja. Karatasi haigusi mafuta kabla sijaipitisha machoni, mbele na nyuma. Natafuta herufi za Kiarabu. Kwetu karatasi yenye herufi hizo haifungiwi chakula, haikanyagwi wala haitupwi jaani, kwani huwezi kujua kama ina aya au jina la Mungu. Hata magazeti haya ya kawaida, ikifika Ramadhani, yana matangazo ya tende na ndani yake mmeandikwa Kiarabu. Nikiikuta naitia kwenye mfuko uliotundikwa ukutani, na ukijaa nauchoma kwa heshima, majivu nayafukia. Kazi hiyo naifanya kibarazani, miwani puani, kila mtu anaiona.

Siku kadhaa kabla ya machafuko alinijia mwanamume mmoja. Nilimjua kwa uso tu, alikuwa amenunua kwangu mara mbili tatu. Shati limepigwa pasi, amebeba bunda limefungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuletea karatasi. Kazini kwetu zimepigwa chapa makosa, zitatupwa. Upande mmoja mweupe kabisa, nikasema zitamfaa mama."

Nikaitoa moja. Nyeupe, safi, ngumu kuliko gazeti. Upande wa pili mistari michache minene ya herufi za Kizungu. Nikaanza kuzipekua, moja moja.

"Watafuta nini, mama?"

"Jina la Mungu. Hizi za Kizungu mimi sizijui, lakini za Kiarabu nikizikuta sifungii."

Akatabasamu. "Jina la Mungu halimo humo, mama. Nakuhakikishia."

Nikamwombea dua. Wallahi, nilimwombea dua, nikamfungia viazi na nikakataa pesa yake.

Zilinitosha siku nne. Upande mweupe nikiuweka ndani kwenye chakula, maandishi yakabaki nje. Nilikumbuka, nikiwa nimekaa pale na kiazi mkononi, mambo ambayo siku zile niliyaona ya kawaida. Wateja wangu wa bara walipungua, nikadhani mafuta yangu yamechoka, nikayabadili. Kijana mmoja fundi wa baiskeli alishika viazi vyake akasoma, akanitazama, akasema, "Mama, wewe mwanamke wa kweli," nami nikadhani amesifu ukwaju. Na baada ya moto, watu waliokimbilia uwanja wa kanisa walipokuwa wamelala chini, niliwapikia uji nikawapelekea mwenyewe. Nilimtafuta jirani yangu kati yao. Nilijiambia nikimwona nitampa uji wake, lakini kusema sitasema naye. Hakuwepo. Mwanamke mmoja alipokea kikombe changu, akanitazama usoni, akaumwaga uji wote chini mbele ya miguu yangu. Nikasema, maskini, amechanganyikiwa.

"Nyanya? Nyanya, umepata nini?"

"Nisaidie kulifungua sanduku," nikamwambia.

Ni sanduku la mbao la mama yangu, ninamoweka leso za heshima na sanda yangu. Karatasi chache za bunda lile zilibaki, na kwa kuwa zilikuwa nzuri nilizitandika ndani ya sanduku, chini kabisa, upande mweupe juu. Mjukuu alitoa leso zote akazipanga kitandani. Nikainama, nikaivuta karatasi. Ilikuwa imeshikana na mbao, ikatoka na vumbi la nondo. Nikaigeuza.

Safari hii nilijua kusoma. Nilisoma polepole, kwa kidole, kama nilivyofunzwa na yule mwalimu.

Ilisema: "Watu wa bara, kwenu mnakujua. Fungeni mizigo mrudi. Mwisho wenu ni Ijumaa. Atakayebaki asilaumu mtu."

Mjukuu alisoma begani kwangu. Akaketi kitandani juu ya leso.

Nataka kusema nililia, lakini sikulia. Nilikuwa nikiihesabu mikono. Mkono wa yule bwana wa pasi, kisha mkono wangu, kisha wa mtu anayetaka kula. Yeye, nilidhani, hakubandika hata moja ukutani. Hakuwa na haja, alikuwa na mimi. Nilikuwa nimekagua kila karatasi isije ikachafua jina la Mungu, na hizi nikazipitisha zote. Laiti wangechora panga. Wale Waingereza walichora, kwa ajili ya watu kama mimi.

Kisha nikaikumbuka sahani.

Siku moja katika zile nne jirani yangu alikuwa na sare nyingi za kushona, hakutoka. Nilimwonea huruma. Nikamfungia viazi kwenye karatasi visipoe, nikavitia sahanini, nikampelekea mwenyewe, nikaviweka juu ya cherehani chake. Alikisoma kifurushi. Akaniangalia. Nikamwambia, "Kula," kwa uso wangu huu, nikatoka. Asubuhi sahani ikarudi. Haikurudi tupu. Alifanya nilivyomfunza, alitia alichokuwa nacho: alinirudishia maneno yangu. Na mimi karatasi ile niliwashia jiko.

Mjukuu alitaka kuichukua karatasi. "Nyanya, hii ni historia, tuitie kwenye plastiki niipeleke chuoni."

"Historia ni yako," nikamwambia. "Mimi nina mtu wa kumwonyesha."

Siku tatu nilikaa nikiogopa kwenda. Siku ya nne nilikaanga viazi mapema, nikavitia kwenye sahani ileile ya bati yenye ua la buluu, nikafunika kwa kawa bila karatasi yoyote. Tukavuka feri, mimi na mjukuu, tukaenda Changamwe. Kibanda hakikuwa kigumu kukipata, kila tuliyemwuliza alimjua yule fundi mama. Mjukuu nikamwambia abaki kwa muuza maji ya miwa, jambo hili si lake.

Nikapiga hodi.

"Karibu," akasema bila kuinua kichwa. Amezeeka, ana miwani, shingo imekonda. Kisha akainua kichwa na cherehani kikasimama.

"Wewe," akasema. Akanitazama kutoka ushungi hadi viatu. "Umekuja kunifukuza na huku?"

"Nimekuja kukwambia sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kusoma."

Alivua miwani. "Wewe hujui kusoma? Wewe? Kila asubuhi nilikuwa nakusikia na hicho kitabu chako, sauti inapita ukutani mpaka kwa kitanda yangu. Ulikuwa unasoma kushinda padre wetu!"

"Kurani. Herufi zile ni nyingine."

"Na makaratasi? Nilikuwa nakuona na macho yangu, mama, umekaa hapo nje unakagua moja moja kabla ufunge. Moja moja! Hiyo siku uliniletea, kitu ya kwanza nilijiambia ni, huyu mama hawezi kukosea, huyu anajua kila karatasi anapatia mtu."

Hapo ndipo nilipoketi bila kukaribishwa, kwenye kiti cha wateja, sahani mapajani. Sikuwa nimelifikiria hilo. Miaka sita ukuta kwa ukuta, naye hakujua kuwa herufi zake sizijui, kwa sababu sikumwambia. Mtu aliyehitimu Kurani haendi akitangaza kwamba hajui kusoma dawa iliyoandikwa kwenye chupa. Nikamweleza yote. Habari ya jina la Mungu, ya yule bwana na bunda lake, ya sanduku. Hakunikatiza. Alikuwa akizungushazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, mbele, nyuma.

Nilipomaliza akauliza, "Na saa hii unajua?"

"Nimejifunza."

"Unayo hiyo karatasi?"

Nikaitoa mkobani.

"Soma."

"Waijua ilivyosema."

"Mimi naijua. Wewe soma, niskie ukisoma."

Nikasoma. Mistari minne, lakini nilidhani haitakwisha. Kuisoma kimya chumbani kwangu ni jambo moja, na kuitamka mbele ya mwenyewe ni jingine. Nilipofika "Atakayebaki asilaumu mtu," sauti ilikatika nikairudia, kwa kuwa niliona si haki kuimeza.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Ndiyo hiyo nilibeba." Akavaa tena miwani. "Unajua zilikuwa zimebandikwa pia kwa ukuta, huko juu kwa stendi? Tulikuwa tunasema ni walevi. Hakuna mtu alishtuka. Lakini nilipeleka yako kanisani, nikawaambia hii nimeletewa na mama wa viazi, na mkono yake. Wakasema basi, kama hata yule. Usiku haukuisha, nikakuwekea yako kwa sahani, tukatoka."

"Wote?"

"Wale waliniamini." Hakusema habari za wale ambao hawakumwamini, nami sikuuliza. "Sasa mimi nikuambie aje? Nikushukuru? Kama hungeniletea, ningekaa. Saa zingine nafikiria hivyo. Saa zingine nakumbuka vile uliniambia kula, na hiyo sura yako, na naskia kukulaani. Si ungecheka tu siku moja kwa maisha yako, nijue kucheka kwako na kukasirika kwako?"

"Sijui kucheka," nikasema.

"Najua hujui! Hiyo ndiyo shida!"

Na akacheka yeye, kicheko chake kilekile, akaegemea ukuta wa mabati ukalia. Kisha kicheko kikageuka, akafuta uso kwa kitambaa cha sare. Mimi nilikuwa naangalia chini, nimefumbata kawa kwa mikono miwili.

"Leta hiyo sahani," akasema.

Nikafunua. Akachukua kiazi kimoja, akakigeuza kutazama chini yake, sijui alitazamia nini, akala.

"Umepunguza chumvi."

"Daktari."

"Mm. Hata mimi." Akala cha pili. Karatasi akaikunja mara nne, vilevile alivyoikunja zamani, akaniwekea mkononi. "Hii ni yako. Sitaki ilale kwangu tena."

Nilipotaka kuinuka alikuwa amekwisha kuvimimina viazi kwenye bakuli lake. Sahani akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka kwenye rafu, juu ya nyuzi.

"Sahani yako nitakaa nayo," akasema. "Saa hii sina kitu cha kuweka."

"Hata kifungo kimoja..."

"Nimesema nitakaa nayo, mama. Nenda nyumbani."

Njiani mjukuu aliniuliza kama nimesamehewa. Nikamwambia asinisumbue. Baadaye, tulipofika, nilimwambia neno moja kuhusu kazi yake ya Waingereza. Pale penye wale wanawake wa vikapu waliosema hawajui kusoma, nilimwambia, lifute lile neno langu la waongo kama umeliandika. Wala usiandike kwamba walikuwa wakweli. Andika kwamba vijitabu vilipita mikononi mwao, na kwamba waliovinunua walimtazama muuzaji usoni kabla ya kuamini. Akaniuliza nimelijuaje hilo la mwisho. Nikamwambia aandike tu.

Karatasi nilimpa, akaitia kwenye plastiki yake. Nilimtaka aandike nyuma yake imetoka wapi na imepita kwa nani, na asinifiche. Sanduku nililitandika upya kwa leso kuukuu. Kibarazani bado nakagua kila karatasi mbele na nyuma, lakini sasa nazisoma zote, hata matangazo ya viwanja na ya dawa za nguvu za kiume, na wateja wananung'unika kwamba viazi vinapoa.

Leo ni wiki ya tatu. Sahani haijarudi. Kila mtu anayetokea upande wa feri, kabla sijamtazama uso, namtazama mikononi.